Mama alitandika kanga kwenye kiti cha gari

Mwaka 1999 magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa yanafika Moshi mchana, kwa basi. Yakishushwa stendi, kijana wa magazeti aliyapanga juu ya meza ya mbao, akayawekea vijiwe upepo usiyachukue, na watu wakajaa kusoma vichwa vya habari bila kununua. Kila Jumamosi nilisimama hatua chache kutoka pale kama mtu anayesubiri daladala ya Kibosho. Kumbe nilikuwa namsubiri mtu mmoja: yule ambaye angelinunua gazeti, alifungue ukurasa wa ndani, chini kulia, palipokuwa na safu yangu ya vichekesho. Nilimsoma uso. Tabasamu limeanza aya ya ngapi? Akicheka, anacheka peke yake au anamgusa bega aliye karibu naye?

Siku nyingine mtu alimsomea mwenzake kwa sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Sentensi niliyoikesha inapita bila kumgusa mtu, halafu kijineno nilichokiweka ili mstari ujae kinawavunja mbavu. Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu nyekundu na kupigia mstari kila mahali walipocheka. Nilifanya hivyo karibu miaka minne. Sijasoma chuo chochote cha uandishi, na huwa naitaja ile meza kwa heshima kila ninapoulizwa nilijifunzia wapi.

Siku hizi vijana wengi wa Moshi na Arusha wanachekesha kupitia simu. Wanajirekodi dakika moja, wanarusha mtandaoni, wanapata watazamaji, kisha wananipigia: wanataka kuandika tamthilia, waanzie wapi? Nimeandika vichekesho vya magazetini miaka 12, na skripti, yaani maandishi ya filamu na tamthilia, zaidi ya miaka 10. Nawajibu hapa kwa urefu, kwa sababu kwenye simu salio lao huwa linaisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lina gari ndani yake.

Disemba 2004 nilikuwa naishi Dar, nimeajiriwa gazetini. Anayeijua Kilimanjaro anaijua Disemba yake. Walio Dar, walio Mwanza, walio Mbeya, wote wanapanda kwenda nyumbani, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, na barabara zote za kupanda mlimani zinajaa magari yanayotazamwa na kila aliyekaa kibarazani. Mwaka ule sikutaka kushuka kwenye basi na begi kichwani. Nilikodi Toyota Mark II nyeupe kwa mtu wa Magomeni, siku nane, kwa fedha ambayo ingetosha kuezeka upya jiko la mama. Sikumwambia mtu kwamba gari ni langu. Sikumwambia mtu kwamba si langu. Nilikaa kimya, na ule ukimya ukanifanyia kazi niliyotaka.

Asubuhi ya Krismasi nilimpeleka mama kanisani. Alitoka ndani amevaa gauni la kitenge, mkononi ana kanga iliyokunjwa. Nikamfungulia mlango. Hakuingia. Aliikunjua kanga, akaitandaza juu ya kiti, akailaza kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, akalivuta pindo la upande wa mlangoni hadi likakaa sawa. Ndipo akakaa. Tangu nyumbani kihambani mpaka kanisani hakuegemea.

Januari niliandika safu kuhusu jirani yangu mmoja aliyekwenda kwao na gari la kukodi. Nilimpa jina la kubuni na kitambi. Sentensi yake moja ilizunguka mjini: "Gari alilikodi siku nane, aibu akaikodi mwaka mzima." Watu waliinukuu kwenye daladala, ofisini wakaibandika ukutani. Ile ilikuwa safu iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kanga sikuiandika. Wala haikunijia kuiandika. Ningekuwa nimeulizwa, ningesema haichekeshi.

Mwaka 2008 nilirudi Moshi jumla, baba akiwa amefariki na mama akiwa peke yake Kibosho. Nikawa naandika safu kutoka mgahawa wa intaneti karibu na stendi. Soko la Mbuyuni kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi, rafiki wa mama yangu tangu usichana wao, na kila nikipita nilimwamkia. Siku hiyo baada ya "marahaba" akanishika mkono.

"Mwanangu, mjukuu wangu ananisomea gazeti lako. Unatuchekesha. Lakini watu wako kazi yao ni kusema tu. Mimi naamka saa tisa usiku niwahi gari la ndizi. Sijakutana humo na mtu aliyeamka saa tisa."

Nilicheka kwa adabu, nikanunua mkungu ambao sikuuhitaji. Nilikuwa nimekua na redio. Nyumbani kwetu kipindi cha Pwagu na Pwaguzi cha Radio Tanzania kikianza, hata baba aliacha kutafuna. Pale kila kitu ni sauti: unacheka kwa unachosikia, mengine unayajaza mwenyewe. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo kichekesho kwangu kilikuwa ni ulimi, na maneno ya yule mama niliyachukua kama malalamiko ya mtu mwenye usingizi. Ilichukua miaka mitatu kuelewa kwamba alikuwa amenieleza tofauti ya safu na skripti, yeye ambaye hakuwahi kuishika skripti.

Mwaka 2011 prodyuza mmoja wa Arusha aliyekuwa anazisoma safu zangu aliniomba nimwandikie filamu ya kuchekesha. Ule ulikuwa wakati wa filamu za diski, zinazogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili na kuuzwa kila moja peke yake. Niliandika kurasa 38 kwa wiki mbili, nikapanda basi kwenda Arusha, kilomita kama 80, roho nyeupe. Tulikaa sebuleni kwa mtu, Sakina, tukaisoma kwa sauti, kila mwigizaji sehemu yake. Walicheka. Dairekta alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, naye alicheka hadi akafuta macho kwa mtandio. Tulipomaliza akaifunga ile skripti, akaiweka mapajani.

"Kaka, nimecheka sana," akasema. "Sasa kamera niielekeze wapi?"

Sikumwelewa. Akafungua ukurasa wa tatu, akasoma nilichoandika: "Anaingia mjomba, mtu ambaye ukarimu wake huishia getini." Akauliza: huo ukarimu anauona nani? Sentensi hii atakayeisoma ni mimi na wewe. Mtazamaji ataona mwanaume anaingia, basi.

Skripti inaandika kinachoonekana na kinachosikika. Juu ya kila sini, yaani kila tukio la mahali pamoja, unaweka ndani au nje, mahali, mchana au usiku: NDANI. JIKO LA MAMA. ASUBUHI. Chini yake watu wanafanya na kusema. Kwa mpangilio uliozoeleka ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha, ndiyo maana nafasi inabanwa, hairuhusu porojo. Hakuna mahali pa mwandishi kusimama kando na kumnong'oneza msomaji. Na mimi miaka yote 12 nilikuwa nimesimama kando, nanong'ona. Ile safu haikuwa na watu kwa kweli. Ilikuwa na sauti yangu, na watu wakipita mbele yake kama nguo kwenye kamba.

Usiku ule nililala Ngarenaro kwa rafiki na sikupata usingizi kwa sababu ya mjomba. Alfajiri nikampata. Wageni wanafika. Mjomba anatoka mbio, anawakumbatia kwa mkono wa kulia, anashika mkono wa kila mmoja, anauliza habari za ng'ombe, za watoto, za mvua, anacheka, anawapiga mgongoni, jua linawawakia, mtoto wa mgeni anachuchumaa, na muda wote huo mkono wake wa kushoto umeshika komeo la geti, halifunguki. Hakuna neno hata moja kuhusu uchoyo. Nilimpelekea yule dada. Alisoma akiwa amesimama, akasema, "Hii napiga picha."

Kama kuna zoezi moja ninalompa kijana anayenipigia, ni hilo. Chukua sentensi yako inayochekesha kuliko zote, uliyoshangiliwa nayo, kisha tafuta komeo la geti. Nyingine hazina komeo. Hizo waachie rafiki zako kijiweni.

Yapo na mambo ya fedha, ambayo mwandishi wa gazeti hayajui kabisa. Kwenye safu nilialika watu 300 harusini kwa neno moja, na hawakula kitu. Kwenye skripti niliandika "ukumbi umejaa", na meneja wa uzalishaji akanikalisha akanihesabia: nauli zao, maji yao, chakula cha mchana cha mama lishe wa lokesheni, viti, na jenereta ya kuwasha taa siku nzima. Tukaiandika upya, harusi ikasikika kwa nje, nyuma ya ukuta, wakati bwana harusi amejifungia chooni. Ilikuwa bora zaidi. Mvua nayo: andika mvua kwenye nyumba ya bati na fundi sauti atakununia wiki nzima, kwa sababu hasikii neno la mwigizaji. Tena Kibo! Niliandika bila kufikiri, "Nyuma yao mlima umetokeza." Mlima wenye mita 5,895 unadhani haupotei. Kule kwetu unaonekana alfajiri, na ikifika saa tatu asubuhi mawingu yameshaufunika, siku nyingine mpaka jioni. Tuliamka saa kumi usiku asubuhi tatu mfululizo, watu 17 na kamera, kwa ajili ya maneno manne niliyoyaandika nikinywa chai. Asubuhi ya tatu ukatoka, mweupe, dakika 25. Tangu hapo kila neno ninaloandika kwenye mstari wa maelezo naliona lina watu wanaoamka saa kumi.

Pembeni kidogo: sinema si ngeni huku kaskazini. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, upande huu wa Arusha, na John Wayne akiwa ndani. Nikiwa mdogo wazee walitusimulia magari yaliyokimbizana na vifaru. Ukubwani ndipo nikajua skripti yake iliandikwa na mwanamke, Leigh Brackett, ambaye alianza na hadithi za kwenye majarida na riwaya kabla ya kuingia sinema. Habari hiyo ilinipa nguvu wakati fulani nilipotaka kurudi gazetini. Kumbe njia ya kutoka karatasini kwenda kwenye picha ilishapitwa, na mmoja wa walioipita kazi yake ilifika hapa Arusha.

Skripti ile ya kwanza ilipigwa, ikauzwa, na jina langu halikuwa kwenye jalada wala mwishoni. Malipo nilipewa nusu, ile nusu nyingine naingoja. Sikuwa na mkataba, tulikubaliana kwa chai. Nasema kwa kifupi kwa sababu sitaki kulilea tena: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi uliyoitunga, hailindi wazo tupu ulilomsimulia mtu. Andika kwanza, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, saini mkataba, ndipo utume. Hata kama prodyuza ni mtoto wa shangazi yako. Hasa kama ni mtoto wa shangazi yako.

Niliporudi kuandika, mwaka 2014, ving'amuzi vilikuwa vimeshaingia majumbani na chaneli zinatafuta tamthilia za Kiswahili. Yule dada dairekta alinipigia: familia moja ya Kibosho, sehemu 13, dakika 25 kila moja. Nilimwambia nina sharti moja, lafudhi. Nilishachoka na Mchaga wa kwenye vichekesho, yule anayehesabu noti huku akiigiza kwa lafudhi ambayo hakuna mtu wa Machame wala Rombo anayeitambua. Mwigizaji akikwama anaangukia humo, watu wanacheka, na kinachochekwa ni mdomo wa mtu. Mimi mwenyewe nililipwa kwa vichekesho vya Mchaga na pesa kwa miaka, na ninavijutia, kwa sababu viliniokoa nisitazame. Ukitazama kweli, ile hamu ya kuonekana umefanikiwa Disemba ina mama ndani yake, ina ardhi ndogo iliyogawanywa kwa watoto wanane, ina ada. Hiyo inachekesha pia, tena sana, na aliyechekeshwa anabaki mtu.

Dada akakubali. Nikaanza kuandika, na nilipofika sehemu ya tisa, ya Krismasi, yule jirani yangu mwenye kitambi akarudi na gari lake la kukodi. Nikaiweka ile sentensi ya aibu ya mwaka mzima kinywani mwa shemeji mmoja mchokozi. Ikakataa kukaa. Nikaihamishia kwa padri, kwa kinyozi, kwa mlevi. Kila aliyeisema alisikika kama mimi. Siku ya nne niliikata, na pale ilipokuwa pakabaki tundu. Nilikaa nalitazama tundu lile mpaka jioni, na kanga ikaja. Miaka kumi ilikuwa imekaa pale pale nilipoiacha.

Niliandika sini nzima bila maneno. Mwanaume anafuta boneti kwa leso yake, anafuta pasipo na vumbi. Mama anatoka. Anatandika kanga, anailaza, anakaa, haegemei. Mwanaume anabaki ameshika mlango.

Aliyeigiza mama alikuwa mwigizaji mkongwe wa majukwaa ya sanaa, zaidi ya miaka 60. Siku ya kupiga picha aliniita pembeni ya migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mama anajua kuhusu gari?"

"Hajui."

Alinitazama, skripti amekunja mkononi. "Sawa, mwanangu. Nitacheza kama hajui."

Dairekta alitaka kamera isogee isome jina la kanga, maana mtu wa vifaa alikuwa ameleta iliyoandikwa maneno matamu juu ya mama. Tulibishana, mara ya pekee tuliyowahi kupandishiana sauti. Nilimwambia kanga ikishasema, mikono haitasikika. Mama mkongwe hakungoja tumalize. Aliigeuza kanga maandishi yakawa chini, akaingia kwenye nafasi yake. Kamera ikaenda. Kitu kimoja alikifanya ambacho sikukiandika: kabla ya kukaa alijipangusa nyuma ya gauni kwa kiganja, mara mbili, haraka. Nilidhani ni mazoea yake.

Tamthilia ilirushwa mwishoni mwa 2016. Sehemu ya tisa niliitazama Kibosho, sebuleni kwa mama, watoto wa ndugu zangu wamejaa sakafuni. Leso ilipofuta boneti walicheka wote. Kanga ilipotandikwa wakanyamaza, na mmoja akauliza mbona hawaongei. Mama hakugeuka. Matangazo yalipoingia akasema, macho yakiwa bado kwenye televisheni:

"Lile gari la mwaka ule halikuwa lako."

"Halikuwa langu, mama. Nililikodi."

"Nilijua. Mwenye gari haliogeshi mara tatu kwa siku."

Nikamuuliza, basi kanga ilikuwa ya nini? Miaka 12 yote nilidhani aliliona gari ni zuri mno, akaogopa kulikalia.

"Nilikuwa nimetoka kukaanga maandazi," akasema. "Gauni lina mafuta. Ningewachafulia kiti wangekudai, na pesa ulikuwa huna."

Tamthilia ikaendelea. Akaniambia nisogee, nimemkinga haoni.